Simu Ndogo Kuliko Kiberiti

Sehemu ya sita

Wiki hii mmenisumbua. Mhariri ameniletea meseji zenu zote na nimezisoma mpaka macho yakauma. Msomaji mmoja wa Bombo anasema aliyenipigia ni jini. Mwingine anasema ni mke wangu, alikuwa ananipima. Mama mmoja ameniombea dua. Ahsante mama, niliihitaji kuliko ulivyojua.

Hakuwa jini. Afadhali angekuwa jini.

Kwa aliyenikuta leo njiani, niseme kwa kifupi. Mimi ni Oyat, fundi simu. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, nikakulia kambini, ndiyo maana Kiswahili kinanitoka bila kujiuma. Kibanda changu cha Kawempe kiliungua, na kitambulisho changu cha taifa kikaungua ndani yake. Abudu, muuza makava ya simu wa Kisenyi, akanihurumia, akanipa meza kwenye kona ya duka lake. Siku moja akanicheka kwamba hakuna fundi Kampala nzima anayeweza kutengeneza simu ya kugusa ndogo kuliko kiberiti. Ubishi ukanipanda kichwani.

Nilihangaika wiki kumi na moja. Nilichukua saketi ya simu ya vitufe iliyokufa, nikaikata pembeni. Nikaiunga na kioo cha saa ya mkononi na betri ya vile vipokea sauti vya masikioni. Gamba nikalichonga kwa pembe ya ng'ombe, nikaligundisha lisifunguke. Laini nikamwomba mke wangu Shakirah anisajilie kwa jina lake, maana mimi bila kitambulisho ningesajili na nini. Jumanne saa saba mchana nikaitia chaji, ikawaka yenyewe. Kabla sijampa binadamu yeyote namba yake, ikalia.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni.

Simu ile ina mambo mawili ya kujua. Kwanza, kioo ni kidogo mno, alama ya kijani ya kupokea na nyekundu ya kukata zimebanana. Ukitaka kugusa moja bila kugusa nyingine, tumia ukucha wa kidole kidogo. Pili, haina spika ya sikioni. Nafasi ilinishinda, nikafunga spika moja tu ya nje, na sauti yake haipunguzwi. Ukipigiwa, duka zima linasikia.

Nikagusa kijani kwa ukucha.

"Haloo."

Nasikia mtu anapumua.

"Ochola?"

Sauti ya mwanamke, tena ya mtu aliyekimbia. Abudu alikuwa anakunywa chai, akaacha.

"Hapana, mama. Umekosea namba."

"Sijakosea. Hiyo simu ni ya bwana yangu."

"Mama, simu hii nimeitengeneza mimi kwa mikono yangu. Nimeimaliza leo. Haijawahi kuwa ya mtu."

"Usinidanganye, kaka. Hiyo simu ilizima miezi saba. Leo saa saba imewaka. Afande wa upelelezi amenipigia sasa hivi, ameniambia, Apio, simu ya bwana yako imerudi hewani. Akanipa namba hii."

Nikaelewa.

Kila simu ina namba ya IMEI, tarakimu kumi na tano, imekaa ndani ya saketi. Badilisha laini, badilisha kioo, badilisha betri, namba iko pale pale. Wako mafundi mjini hapa wanaojua kuifuta na kuandika nyingine. Mimi sikuwahi kuifanya kazi hiyo. Jumatatu tu nilikuwa najisifu mbele ya Abudu kwamba simu yangu ni ndogo lakini ni halali mpaka ndani. Fahari yangu ndiyo iliyompigia simu afande wa upelelezi.

"Mama Apio," nikasema, "mimi ni fundi tu. Saketi niliitoa kwenye simu mbovu."

"Na Shakirah ni nani?"

Abudu akaweka kikombe chini.

"Laini imesajiliwa kwa jina la Shakirah," mwanamke akaendelea. "Afande amenisomea. Kaka, kama yuko na bwana yangu, mwambie mimi sina vita na yeye. Kama amezaa na yeye, azae. Mimi nataka tu kujua kama yuko hai. Watoto wanauliza."

Wallahi, wasomaji, nilitamani kulia. Yule mama alikuwa anaomba mumewe awe amemkimbia. Alikuwa anamtafuta mke mwenza kwa hamu.

"Shakirah ni mke wangu mimi," nikasema. "Hamjui Ochola. Hata mimi simjui."

"Ochola ni mlinzi. Alikuwa zamu ya ghala la sukari, Kawempe. Asubuhi walikuta bunduki iko kwenye kiti, yeye hayuko. Bosi wake alisema amekimbia kazi. Mtu anakimbia kazi anaacha viatu vya kanisani?"

Nikaigeuza simu kiganjani.

"Basi huyo Shakirah wako aseme alikotoa hiyo simu. Afande amesema kesho asubuhi wanamkamata mwenye laini, na wakimkamata watajua."

Neno "wanamkamata" likanipiga. Shakirah hakujua lolote. Alichofanya ni kwenda kusimama kwenye mstari na kitambulisho chake kwa sababu mumewe alimbembeleza. Wangemtoa nyumbani Mengo mbele ya majirani, wamuulize habari za mtu aliyepotea, na yeye angejibu nini.

"Mama, usiende kwa mke wangu," nikasema. "Njoo kwangu. Kisenyi, jengo lenye ngazi za kijani, juu ya duka la matairi. Uliza fundi Oyat. Njoo uione simu kwa macho yako."

"Niko Kawempe. Nakuja."

Akakata.

Abudu alinitazama muda. Huyu Abudu ni Mnubi, mtu wa maneno mengi, kumkuta amenyamaza ni habari.

"Oyat," akasema, "kwa nini umemwelekeza?"

"Nimwache aende kwa Shakirah?"

"Sijasema hivyo. Nimeuliza tu."

Nikachukua simu yangu ya kawaida, nikampigia kaka yangu.

Kaka Odyek mnamjua, nimemtaja tangu sehemu ya kwanza. Baba alipofariki, kambi ilitaka nyumba yake, Odyek ndiye aliyetubeba. Aliingia jeshini, akatoka, sasa ni mkubwa wa walinzi katika kampuni moja ya ulinzi. Yeye ndiye aliyenipeleka kujifunza ufundi. Kibanda kilipoungua, yeye ndiye aliyekuja na godoro. Anajua watu, anaongea na polisi kama anaongea na shemeji zake. Ukiwa na shida Kampala na una kaka wa namna hiyo, humpigii mtu mwingine.

"Kaka, nina shida."

"Sema, mdogo wangu."

Nikamwambia yote, isipokuwa majina. Akanisikiliza bila kunikatiza.

"Huyo mwanamke anaitwa nani?"

"Apio."

Nikasikia injini ya gari ikiwashwa upande wake.

"Laini ni ya nani?"

"Ya Shakirah."

"Simu yenyewe iko wapi sasa?"

"Ninayo mkononi."

"Izime. Usiongee na mtu. Mimi nitapita kwanza Mengo nimchukue Shakirah, asikae peke yake. Halafu nakuja hapo tuyamalize."

"Ahsante, kaka."

"Wewe ni mdogo wangu," akasema, akakata.

Nilihisi kama mtu aliyetua gunia. Nikamgeukia Abudu nikamwambia, umeona, mambo yamekwisha, kaka anakwenda kumchukua Shakirah. Abudu akatikisa kichwa polepole.

"Maswali matatu amekuuliza," akasema. "La mwanamume aliyepotea hakuuliza. Mimi ningeuliza kwanza, ni nani huyo aliyepotea?"

"Ana haraka."

"Sawa."

"Usimtie kaka yangu mdomoni, Abudu."

"Nimesema sawa." Akavuta stuli, akakaa mbele yangu. "Hebu tufanye kazi ya ufundi. Yule mama akifika atakuuliza swali moja tu. Simu hii ilikuja kwako mikononi mwa nani? Una jibu?"

Hapa lazima niwaeleze tabia yetu mafundi. Fundi simu hatupi kitu. Mteja akileta simu, unabandika plasta mgongoni, unaandika jina lake na ugonjwa wa simu. Isipopona, na mwenyewe asiporudi, unaifungua. Saketi inakwenda kwenye boksi lake, gamba linakwenda kwenye gunia. Miaka inapita. Boksi langu na gunia langu vilipona moto kwa sababu vilikuwa nyumbani chini ya kitanda, na Shakirah alivipigia kelele kila Jumamosi ya usafi. Natupa leo, alisema. Nikamwambia, mama, utatupa riziki. Mwishowe nikavihamishia hapa dukani kwa Abudu.

Sasa saketi zile ndogo za vitufe zinafanana zote. Niliyoikata niliichagua kwa ukubwa wake tu. Sikujua ilitoka kwenye gamba gani.

"Lakini gamba lina karatasi ndani," Abudu akasema. "Pale chini ya betri. Si ndipo kiwanda kinapobandika IMEI?"

Ni kweli. Muuza makava alikuwa ananifundisha kazi yangu, na nilimshukuru.

Nikabonyeza kwa ukucha nyota, alama ya reli, sifuri, sita, reli, ile amri ya kuitoa IMEI. Namba ikatokea kwenye kioo, ndogo mno, ikabidi niisome kwa ile lenzi yangu ya kuunga nyaya. Abudu akaiandika nyuma ya boksi la kava. Halafu tukamwaga gunia sakafuni.

Magamba mia mbili na kitu. Mekundu, meusi, ya bluu, mengine yameyeyuka. Tukaanza. Mimi nasoma tarakimu nne za mwisho, Abudu anasema siyo. Nasoma, siyo. Mteja aliingia kuulizia kava, Abudu akamwambia duka limefungwa, ilhali mlango uko wazi. Yule mteja akatuona tumepiga magoti kwenye magamba, akaondoka taratibu.

"Siyo."

"Nne, nne, tisa, moja?"

"Siyo."

Katikati ya kazi nikampigia Shakirah. Ikaita mpaka ikakatika. Nikajiambia yuko uani anafua.

"Sifuri, saba, tatu, nane?"

Abudu hakusema siyo.

"Rudia," akasema. "Soma yote."

Nikasoma zote kumi na tano, moja moja. Abudu alikuwa anafuata kwa kidole. Alipofika mwisho, kidole kikabaki pale pale.

"Ndiyo hii. Geuza, uone plasta."

Lilikuwa gamba jeusi. Kwenye matundu ya vitufe kulikuwa bado na tope kavu, la kijivu, lile la kinamasi. Nikaligeuza. Plasta ilikuwa yangu, mwandiko ni wangu, ule wangu wa herufi kubwa.

ODYEK. MAJI. HAIWAKI.

Abudu alisoma juu ya bega langu. "Huyu si kaka yako?"

Basi nikakumbuka. Kumbukumbu ilinirudia yote kwa mara moja, kama mtu aliyewasha taa chumbani. Miezi saba iliyopita Odyek alikuja kibandani Kawempe, asubuhi, hata sijafungua dirisha. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Akanipa simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kuna mtu kaniachia, alisema, angalia kama inaweza kuwaka, nataka kuona namba moja tu. Nikaifungua. Ilijaa tope. Nikaisafisha kwa spiriti na mswaki wa meno, nikaipiga hewa ya moto, haikuwaka. Jioni akapita. Nikamwambia imekufa, kaka.

Akaniambia, basi itupe. Itupe kabisa, usiiweke kwenye takataka zako.

Nikamwambia, ndiyo kaka.

Fundi simu hatupi kitu.

"Oyat," Abudu akasema. "Kaka yako anasimamia walinzi wa wapi?"

"Wa maghala."

"Ya wapi?"

Nilikuwa tayari nampigia Shakirah. Ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Mara ya tatu ikawa imezimwa.

Sikilizeni nilichokuwa nimefanya. Mke wangu alikuwa salama nyumbani, hajui lolote. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilimpigia simu yule mtu mmoja ambaye hakupaswa kusikia, nikampa jina la Apio, nikampa jina la Shakirah, nikamshukuru alipoahidi kwenda kumchukua. Nilijichukia kiasi kwamba nilijipiga kofi, na Abudu akanishika mkono.

"Chukua bodaboda," nikamwambia. "Kimbia Mengo, mtoe nyumbani. Mpeleke kwa mama yako, mpeleke popote."

"Na wewe?"

"Mimi nikitoka, Apio atakuta mlango tu. Na Odyek atajua nimejua. Nenda, Abudu. Nakuomba."

Akachukua kofia yake, akatoka. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi za chuma, kwa haraka, halafu nikasikia vinapunguza mwendo, halafu vinaendelea. Viatu vingine vilikuwa vinapanda. Vizito, bila haraka.

Nikatia gamba jeusi kwenye mfuko wa shati.

Odyek aliingia akiinama kidogo, maana mlango wa Abudu ni mfupi na yeye ni mrefu. Alikuwa amevaa sare ya kampuni, amepiga pasi. Akatazama magamba sakafuni. Akatazama gunia tupu. Akavuta ile stuli ya Abudu, akakaa katikati ya mlango.

"Nimepishana na rafiki yako," akasema. "Anakimbilia wapi?"

"Kuswali. Adhuhuri inampita."

"Msikiti uko upande ule mwingine."

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, na macho yake yakaufuata.

"Nionyeshe hiyo simu yako."

Nikamwonyesha kwenye kiganja, sikumpa. Akainama kuitazama, na mtaniona mwongo, lakini alifurahi. Alitabasamu kabisa.

"Umeitengeneza wewe hii? Na inagusika?"

"Inagusika."

"Baba angeiona angelala nayo." Akanyoosha mgongo. "Nilikuambia nini kuhusu ile simu, mdogo wangu?"

Basi alikuwa anajua. Kuzungukana hakukuwa na maana.

"Uliniambia niitupe."

"Ukanijibu nini?"

"Nilikujibu ndiyo."

"Na hukuitupa."

"Fundi hatupi, kaka."

"Ningekupeleka ukajifunze useremala," akasema, "tusingekuwa hapa leo." Alisema kwa huzuni ya kweli. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu Odyek akikasirika unajua utapigwa kofi na yataisha.

"Kaka, Ochola yuko wapi?"

"Hilo siyo swali lako."

"Mke wake anakuja kuniuliza mimi."

"Swali lako ni hili." Akanyoosha vidole, kimoja kimoja. "Plasta iliyo kwenye gamba hilo mfukoni mwako, mwandiko ni wa nani? Tope kwenye saketi, aliyeliosha ni nani? Simu imewaka mikononi mwa nani? Laini ni ya mke wa nani? Mimi nimo wapi hapo?"

"Jina lako limeandikwa."

"Na wewe ndiye uliyeliandika. Hata leo asubuhi ungeweza kuliandika."

Alikuwa amepanga kila kitu vizuri, jinsi alivyokuwa akipanga viatu vya baba. Mimi ndiye niliyeshika mswaki na spiriti. Nilikuwa nimemsafishia ushahidi, halafu nikautia kwenye boksi, halafu nikauwasha.

"Shakirah yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko chini kwenye gari. Nimemnunulia soda."

"Mbona simu yake imezimwa?"

"Nimemwekea mimi. Anaongea sana huyo shemeji." Akasimama. "Chukua koti lako. Tunasafiri kidogo, mimi na wewe na yeye, mpaka mambo haya yapoe. Hiyo simu nipe. Kwanza izime."

"Haina kitufe cha kuzima."

Akanitazama. "Simu gani haina kitufe cha kuzima?"

"Hii. Sikupata nafasi. Na gamba nimeligundisha. Mpaka betri iishe."

"Oyat, sitaki mchezo."

"Sichezi, kaka. Ichunguze mwenyewe."

Mnisamehe kwa nitakalosema. Mke wangu yuko kwenye gari la mtu aliyemfanya Ochola apotee, na bado sehemu ndogo ya moyo wangu iliona haya kwa sababu simu yangu haikuwa na kitufe cha kuzima. Ufundi ni ugonjwa.

Akanyoosha mkono. Nikafikiri nikimbie, lakini yeye ndiye mlango. Nikafikiri nipige kelele, lakini chini wanajaza matairi upepo na mashine ile ukiipigia kelele unapoteza sauti bure. Nikafikiri, nikimpa simu, nikimpa na gamba, pengine atamfungulia Shakirah. Na nikijua kabisa kwamba hatamfungulia, bado nilikuwa tayari kumpa. Hivyo ndivyo nilivyompenda mke wangu na hivyo ndivyo nilivyomwogopa kaka yangu, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Nikaweka simu kwenye kiganja chake.

Kwenye mkono wa Odyek ilionekana kama punje ya mahindi. Akaifunga ngumi. Na ngumi ikalia.

Mlio wa ile spika mnaujua. Ukagonga kuta zote nne za duka. Odyek akafungua ngumi, akakitazama kioo kinavyowaka, kijani na nyekundu zimebanana pale.

"Inakatwaje?"

"Nyekundu. Tumia ukucha, kaka, kidole kidogo..."

Hakunisubiri. Yeye ni mtu wa kutumia dole gumba kwa kila kitu. Akalishusha lile dole lake la jeshini juu ya kioo, likakifunika chote, kijani na nyekundu pamoja. Mlio ukakatika. Akanitazama, ameridhika.

"Kaka Oyat?"

Sauti ya Apio ikatoka kiganjani mwake, kubwa, safi, duka zima. Kijani ndiyo iliyoshika kwanza.

"Kaka Oyat, nimefika. Niko hapa chini na ngazi ya kijani."

Odyek alibonyeza tena, akabonyeza tena. Dole gumba halikukamata kitu.

"Kaka, unanisikia? Kuna gari nyeupe hapa, ile ya kampuni ya kina Ochola, ile ya wavu. Mimi naijua hiyo gari, ndiyo ilikuwa inakuja kumchukua zamu. Ndani kuna dada. Amefungiwa, anapiga wavu na mkono. Analia. Nimemuuliza jina, amesema anaitwa Shakirah."

Odyek aliacha kubonyeza.

"Komeo liko huku nje," sauti ikasema. "Nimfungulie?"

"Fungua," nikapiga kelele. "Mama Apio, fungua, kimbieni."

Sijui kama alisikia. Mashine ya upepo ilikuwa inanguruma chini, na Odyek alikuwa ameifunga ngumi tena. Akanitazama mara moja tu, sura ile ile ya siku alipotubeba kutoka kambini. Halafu akageuka kuelekea ngazi.

Mimi nilikuwa nyuma ya meza, na magamba mia mbili sakafuni kati yetu. Yeye alikuwa mlangoni tayari. Nani alifika kwanza kwenye lile komeo, nitawaambia wiki ijayo.